Vijana na Kazi: Kontable ni mtu wa karatasi



Mwezi huu tunazungumza juu ya kazi moja ambayo wengi wanaitamani lakini wachache wanaijua: kazi ya kontabilite, yaani kazi ya hesabu. Watoto wetu wa Kamituga, wa Luhwindja na wa hapa Bukavu wanasema: «Kontable iko na feza!» Wanamwona amekaa kwa biro, mbele yake mashini ya kuhesabia, na mishahara ya watu wote inapita mikononi mwake. Ndiyo, inapita. Lakini inapita tu, haikai. Feza ile si yake. Kijana anayeingia katika kazi hii kwa kutamani sanduku ameingia kwa mlango mbaya, na mara nyingi atatoka kwa mlango wa gereza.

Basi, ni kitu gani kinachofanya kazi hii kuwa nzuri, kazi ya kumlisha mtu na jamaa yake miaka mingi bila aibu? Jibu letu ni fupi. Kontable mzuri ni yule ambaye hesabu yake inaweza kukaguliwa na mtu mwingine wakati yeye mwenyewe hayupo. Akiugua, akihama, hata akifa, karatasi zake zinasema kweli mahali pake. Mtu wa namna hiyo watu wanamtafuta, hata kama hana ndugu mukubwa wa kumsukuma. Diploma, kompyuta na cheo vinajengwa juu ya msingi huo. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Madini inakwisha, ufundi unabaki

Sisi watu wa migodi tunajua namna kampuni inavyoinuka na namna inavyoanguka. Mwaka 1976 makampuni kadhaa ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa, ikazaliwa SOMINKI. Watu walipata nyumba, hospitali, shule za watoto. Halafu mwezi wa 10 mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la London, na tangu hapo kampuni ilidhoofika mwaka kwa mwaka. Mwaka 1997 ikafika mwisho wake. Baadaye Banro, kampuni ya Kanada, ilifungua mgodi wa Twangiza, kule Luhwindja, ulioanza kazi ya biashara kamili mwaka 2012. Mwezi wa 12 mwaka 2017 kampuni hiyo ilikwenda mbele ya tribinali ya Kanada kuomba ulinzi, kwa kuwa madeni yalikuwa yameishinda.

Kampuni ikianguka, wafanyakazi wote wanalia. Lakini angalia nani anainuka upesi. Mtu aliyejua mashini moja tu ya mgodi anangoja mgodi mwingine. Aliyejua hesabu anaweza kuhamia hospitalini, shuleni, katika duka kubwa, katika biro ya jimbo, kwa sababu hesabu za mgodi na hesabu za hospitali ni ndugu wa tumbo moja. Hatusemi kwamba kontable hakosi kazi. Wako wengi wenye diploma ambao wamekaa nyumbani. Tunasema kwamba ufundi wake anauchukua kichwani, na mgodi ukifungwa haubaki shimoni.

Kontable anafanya nini kweli?

Tuseme kituo cha afya kimenunua mafuta ya grupu kwa dola 40. Mtu asiyejifunza anaandika mara moja tu: «Dola 40 zimetoka.» Kontable anaandika mara mbili. Upande mmoja, gharama ya mafuta imepanda dola 40. Upande wa pili, sanduku limeshuka dola 40. Upande wa kushoto unaitwa debi, upande wa kulia unaitwa kredi, na jumla ya pande mbili lazima zilingane. Kama mafuta yamechukuliwa kwa deni, sanduku halishuki. Mahali pake panaandikwa deni letu kwa mwuzaji. Ndiyo maana mwisho wa mwezi kontable anaweza kukuambia si feza iliyobaki tu, bali tena nani anatudai, nani tunamdai, na mali gani iko kwa stoki.

Mbinu hii si ya jana. Wafanyabiashara wa Italia waliitumia tangu zamani, na mwaka 1494 mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli, aliieleza katika buku lake kubwa la hesabu lililochapwa Venezia. Hakuibuni yeye, aliiandika vizuri ili kila mtu aweze kujifunza. Zaidi ya miaka 500 imepita, na kompyuta ya leo bado inafuata njia ileile.

Katika nchi yetu kila aina ya feza na mali ina namba yake. Zamani tulifuata kanuni ya hesabu iliyowekwa na sheria ya mwaka 1976. Halafu Kongo ikaingia katika OHADA, muungano wa nchi 17 za Afrika wenye sheria moja ya biashara. Mkataba wake ulianza kutumika kwetu tarehe 12 mwezi wa 9 mwaka 2012, na tangu mwaka 2014 makampuni yanaandika hesabu kwa kanuni yake, SYSCOHADA, ambayo ilitengenezwa upya kuanzia mwaka 2018. Darasa la 1 ni mtaji na mikopo ya muda mrefu. La 2 ni mali ya kudumu, kama nyumba na motokari. La 3 ni stoki. La 4 ni watu: wauzaji, wanunuzi, wafanyakazi, Serkali. La 5 ni feza yenyewe. La 6 ni gharama, la 7 ni mapato, na la 8 ni mambo yasiyo ya kazi ya kila siku. Sanduku ni namba 57, banki ni 52. Kijana, ukikuta sokoni buku la zamani la kanuni ya 1976, lisome kwa kujua historia, lakini usijibu nalo mtihani!

Kuna jambo moja jipya ambalo wengi bado hawajalisikia. Tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2024, OHADA imeweka kanuni ya pekee kwa wale wasiotafuta faida: ONG, vyama, na hata mashirika ya dini. Inaitwa SYCEBNL. Fikiri kidogo: katika Bukavu ONG, vyama, vituo vya afya vya makanisa na mashirika ya msaada ni vingi sana. Wote wanaguswa na kanuni hiyo. Kijana atakayeijua vizuri atakuwa na neno la kusema siku anapokwenda kuomba kazi.

Njia ya masomo

Katika shule ya sekondari, baada ya miaka 8 ya elimu ya msingi, mtoto anaweza kuchagua upande wa Komersiale na Jestion, miaka 4, mpaka Mtihani wa Serkali. Anayetoka hapo na akili iliyo wazi anaweza kuanza kama mtunza sanduku, mtunza stoki au msaidizi wa kontable. Asidharau mwanzo huo. Mtunza stoki aliyehesabu mifuko ya simenti mwaka mzima bila mfuko mmoja kupotea amekwisha kujifunza jambo ambalo maprofesa hawawezi kumpa ubaoni.

Kwa wale wanaoendelea, Bukavu ina milango kadhaa: Chuo Kikuu cha Katoliki (UCB), kilichoanza mwaka 1989, Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika (UEA), tangu mwaka 1991, Chuo Kikuu cha Serkali (UOB), na ISP yenye upande wake wa mambo ya biashara. Wazazi wanaokumbuka «graduat» ya miaka 3 na «licence» ya miaka 2 wajue kwamba mambo yamebadilika. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 Serkali ilileta mpango wa LMD: lisansi ni miaka 3, masta ni miaka 2 juu yake.

Juu ya ngazi yupo expert-comptable, mtu mwenye haki ya kufanya kazi ya hesabu kwa jina lake mwenyewe mbele ya makampuni. Sheria ya mwezi wa 2 mwaka 2015 iliunda chama chao, ONEC, na asiyeandikwa katika buku la chama hicho hana haki ya kujiita hivyo. Ni njia ndefu, ya masomo na ya mazoezi. Na anayefikiri kuvuka mpaka ajue: Kameruni, Gaboni na Kodivaa ziko katika OHADA, lakini jirani zetu Rwanda, Tanzania na Kenya haziko. Huko wanafuata kanuni za kimataifa zinazoitwa IFRS, na masomo ni kwa Kiingereza. Kontable wa Bukavu anayejua Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza ana funguo tatu kwa kamba moja.

Shule ya kwanza iko nyumbani

Usingoje chuo kikuu. Mama yako yuko katika MUSO? Mwombe ruhusa ukae pembeni siku ya mkutano. Utaona masanduku matatu: la kijani kwa akiba na mikopo, jekundu kwa shida kama ugonjwa na msiba, na la bluu kwa feza inayotoka nje ya kikundi. Mama hawa, wengine hawakumaliza hata shule ya msingi, wanatenganisha feza kufuatana na kazi yake. Hawatumii feza ya msiba kwa kukopesha. Hilo ndilo fundisho la kwanza la kontabilite, na wakubwa wengi wenye diploma wamelisahau.

Jitolee kuwaandikia buku. Kila jina na mstari wake. Kila malipo na tarehe na sahihi au alama ya kidole. Kila mwisho wa mkutano jumla isomwe kwa sauti, feza ihesabiwe mbele ya wote. Ukikosea tarakimu, usifute kwa kalamu nyeupe. Piga mstari mmoja ili ya kwanza ionekane bado, andika ya kweli kando, weka sahihi. Buku lisilo na kosa hata moja, safi kama kitambaa cha altare, mkaguzi analitazama kwa mashaka: pengine limeandikwa lote usiku mmoja.

Feza mbili, sanduku moja

Kontable wa Bukavu ana mzigo ambao mwenzake wa Ufaransa hana. Anashika feza mbili kila siku, dola na franga. Wazazi wanakumbuka: mwezi wa 10 mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani ziligeuka zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka franga 1 ya Kongo. Mali ya watu iliyeyuka kama chumvi ndani ya maji. Tangu hapo watu wanahesabu bei kubwa kwa dola na kulipa vitu vidogo kwa franga.

Kwa hiyo shika buku mbili, moja la dola, moja la franga, na usizichanganye. Ukibadilisha feza, andika bei ya siku ile na uombe karatasi. Mahali hapa ndipo wizi mdogo unapojificha. Tuseme umebadilisha dola 500, ukapewa franga 2,850 kwa kila dola, lakini buku linasema 2,800. Franga 25,000 zimepotea, na hakuna aliyevunja kufuli.

Kuna na feza ya simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Mwezi wa 2 mwaka 2025, wakati M23 ilipoingia Bukavu, mabanki yalifunga milango, na stoo nyingi ziliibiwa. Watu wengi walikuwa na feza kwa banki lakini hawakuweza kuigusa. Katika siku za namna hiyo mishahara na malipo mengi vinapita kwa simu. Ujumbe wa simu unafutika, simu inaibiwa. Andika katika buku namba ya kila malipo, saa, jina la aliyepokea, na umwombe aweke sahihi siku mtakapoonana. Tena, weka nakala ya hesabu zako mahali pengine, mbali na biro. Sheria ya OHADA inataka karatasi za hesabu zitunzwe miaka 10. Nyumba inaweza kuungua kwa saa moja.

Siku ambayo mukubwa atasema: «Andika tu»

Sasa tufike penye mwiba. Ufundi unafundishwa, jambo hili linamkuta kila mtu peke yake. Siku moja mukubwa wako atakuita, atafunga mlango, atasema kwa sauti ya upole: «Mwanangu, hii fakture iko ya dola 120. Andika 200. Karatasi nitakuletea kesho.» Yule ni mtu aliyekupa kazi. Pengine ni mjomba wako. Una kodi ya nyumba, una mtoto anayefukuzwa shuleni. Utafanya nini?

Usimtukane, usipige kelele. Sema kwa heshima: «Mzee, nitaandika kile kiko kwa karatasi.» Akisisitiza, mwombe aandike agizo lake na kuweka sahihi. Mara nyingi maneno yanaishia hapo, kwa sababu mwizi anaogopa kalamu kuliko polisi. Asipoandika, wewe usiandike. Na ujue kweli hii: unaweza kupoteza kazi. Hatuwezi kukudanganya kwamba kila mnyofu analipwa mwisho wa mwezi. Lakini hesabu vizuri pande zote mbili. Siku wakaguzi wa mfadhili watakapofika, mukubwa atasema: «Mimi sikujua, kontable ndiye aliyeandika.» Mwandiko ni wako, sahihi ni yako. Dola 80 zilikwenda kwake. Kesi itakuja kwako. Tena Bukavu ni mji ambao watu wanajuana, kutoka Bagira mpaka Kadutu, kutoka Kadutu mpaka Ibanda. Jina lililochafuka katika biro moja linafika katika biro nyingine mbele ya barua yako ya kuomba kazi.

Kwa sababu hiyo jilinde tangu siku ya kwanza. Usikubali kupokea ufunguo wa sanduku bila remise-reprise. Hesabuni feza, wewe na yule anayetoka, mbele ya shahidi. Andikeni noti kwa noti, dola na franga. Kila mmoja aweke sahihi na kubaki na nakala. Wako vijana waliopokea sanduku lenye tundu, kwa haya ya kumhesabia mzee feza mbele ya macho yake, kiisha wakalipa deni ambalo hawakulila. Kuhesabu si kumtukana mtu. Ni kumlinda yeye na kujilinda wewe.

Omba pia mkataba ulioandikwa. Kontable anayetengeneza mishahara ya wengine lazima ajue haki yake. Kwa mfano, kwa mshahara wa dola 200, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 kwa CNSS, yaani dola 10, na mwajiri anaongeza asilimia 13, yaani dola 26, kutoka mfuko wake. Kama dola 10 zinakatwa lakini hazifiki CNSS, siku ya uzee mfanyakazi atakuta buku tupu. Anayeziona wa kwanza ni kontable. Akinyamaza, mjane mmoja atalia miaka 20 baadaye.

Hesabu za mgodi zinatuhusu sisi wote

Vijana wa maeneo ya migodi, sikieni hili hasa. Sheria ya madini iliyotengenezwa upya mwaka 2018 inasema kwamba kampuni inayouza zahabu inalipa Serkali asilimia 3.5 ya thamani yake. Tuseme imeuza zahabu ya dola 1,000,000. Malipo ni dola 35,000. Sheria inayagawanya hivi: nusu, dola 17,500, kwa Serkali kuu, asilimia 25, dola 8,750, kwa jimbo, asilimia 15, dola 5,250, kwa mji au sheferi ambako mgodi upo, asilimia 10, dola 3,500, kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Juu ya hayo, kampuni inatenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji, yaani dola 3,000 katika mfano wetu.

Hesabu hii mtoto wa sekondari anaweza kuifanya kwa kalamu. Lakini katika mikutano mingi watu wanapiga makofi kwa sababu ya mabati 50 ya shule, na hakuna anayeuliza: «Mwaka huu kampuni imeuza kiasi gani? Asilimia 15 yetu iko wapi? Iliingia kwa konti gani?» Swali la namna hiyo, likiulizwa kwa adabu na kwa karatasi mkononi, lina nguvu kuliko mawe ya barabarani. Vilevile wachimbaji wa mikono: sheria inawataka wawe katika kooperative, na kooperative inapaswa kuwapa wanachama hesabu kila mwaka. Pasipo mtu wa hesabu, kooperative inageuka kuwa mfuko wa prezidenti wake.

Kijana anayeacha masomo kwa kushuka shimoni anasema: «Ku shimo napata feza leo.» Tunamwelewa, njaa haina kalenda. Lakini tunataka angalau baadhi ya watoto wa kila kijiji cha mgodi wabaki mezani na buku, ili jasho la wenzao walio chini lihesabiwe na mtu wao.

Neno kwa wazazi

Baba na mama, msimwambie binti: «Hesabu ni ya wanaume.» Nani anashika sanduku la MUSO? Nani anagawa franga za wiki nzima, na chumvi haikosekani? Mpeni nafasi sawa na kaka yake. Tena, mfundisheni mtoto kwa mambo madogo. Mkimtuma sokoni Nyawera au Kadutu na franga 10,000, akirudi msimwulize tu: «Umeleta?» Mwulizeni: «Umelipa ngapi, imebaki ngapi?» Na akirudisha chenji kamili, msifuni mbele ya wengine. Akirudi na chenji pungufu, msicheke. Na ninyi wenyewe msimtume akadanganye mwenye nyumba kwamba mmesafiri. Mtoto aliyejifunza uongo mlangoni kwenu atauandika kesho katika buku la watu.

Kwa wale walio kwa kazi tayari: mwisho wa mwezi hesabu feza ya sanduku na kuilinganisha na buku, hata kama hakuna aliyekuomba. Usitoe kopo la feza kwa rafiki «mpaka jumatatu». Malipo ya kodi ya mishahara na ya TVA, ambayo ni asilimia 16 tangu mwaka 2012, yatangazeni mbele ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, ili faini isile feza ya watu. Na kila mwaka jifunze kitu kimoja kipya: Excel vizuri, au Sage, au SYCEBNL. Kazi hii haimpendi mtu aliyelala juu ya diploma yake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika vikundi vyetu (kwaya, MUSO, chama cha wazazi), mara ya mwisho hesabu ilisomwa mbele ya wote ilikuwa lini?

2. Kama mtunza sanduku wetu angehama leo usiku, mwingine angeweza kuendelea kwa kusoma buku lake tu?

3. Kama mtoto wetu angefukuzwa kazi kwa kukataa kuandika uongo, sisi jamaa tungempokea namna gani? Tungemwita mjinga, ao tungemwekea sahani mezani na kumsaidia kutafuta kazi nyingine?

Zungumzeni swali hilo la tatu mbele ya watoto, bila kuharakisha. Jibu lenu wataenda nalo mpaka kwa biro. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasema juu ya ufundi wa umeme wa nyumba. Tuonane tena katika ukurasa huu.